Mji Ndani ya Kitabu

Vitabu vinavyosimulia miji ni vingi, lakini vinavyoifufua ni vichache. Kitabu kinaweza kukutajia masultani kwa zamu zao, mwaka wa kujengwa kila jumba na urefu wa kila mnara, nawe ukakifunga ukiwa huujui mji ule kuliko mtu aliyeuona kwenye stempu. Kingine kina tarehe chache mno, na ukimaliza kukisoma unajua nani hukaa baraza gani, nani hudaiwa dukani, na nani akipita watu hunyamaza. Tofauti hiyo imenishughulisha kwa muda mrefu. Naomba msomaji wangu aniruhusu niitazame kwa kutumia mji mmoja, Unguja mjini, kwa sababu mji huo umebahatika kuandikwa na watu waliosimama mahali mbalimbali.

Kabla hatujafika Unguja, hata hivyo, adabu inatutaka tupite Pate, maana huko ndiko fasihi yetu ilikojifunza kuutazama mji uliokufa. Yapata miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Inkishafi. Humo anatuonyesha majumba ya matajiri wa Pate, yaliyokuwa yakiwaka taa na kujaa watu, yakiwa magofu waliyobakia popo na wadudu. Hakuna asomaye asione giza la vile vyumba. Lakini Sayyid Abdalla hakukusudia kutufundisha Pate; alikuwa akiuonya moyo wake mwenyewe usiitegemee dunia, na mji ulikuwa mfano wa onyo hilo. Kwa hiyo tunawaona mabwana na fahari yao, tunaona na mwisho wao. Waliochota maji na kukoroga chokaa ya kujengea majumba yale hatuwaoni sana. Simlaumu mtunzi, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake. Nasema tu kwamba tangu mwanzo swali lilikuwepo: mwandishi anasimama wapi anapoutazama mji?

Sasa twende Unguja. Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1866 alitoroka, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Ni kitabu chenye uhai mwingi. Tunauona ua wa Mtoni na tausi na paa wake, tunaona mahamamu, tunasikia wivu wa wake na watoto wa baba mmoja, na tunamwona binti mdogo akijifundisha kuandika kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hakuna mwanahistoria aliyesimama nje ya jumba lile ambaye angeweza kutupa mambo hayo.

Hata hivyo, Salme anautazama mji kutoka dirishani. Watumwa wamejaa kila ukurasa, wakipika, wakibeba, wakilea. Lakini ni kama mikono isiyo na wenyewe. Anapofika kulieleza jambo la utumwa waziwazi, anautetea, na anawaona Wazungu wanaoulaumu kuwa hawayajui mambo ya kwao. Wako wasomaji ambao kwa ajili hiyo hukitupa kitabu kizima. Mimi sikubaliani nao. Kitabu kinachotuonyesha waziwazi jinsi mtu mwema wa jumbani alivyoweza kuishi na utumwa bila kukosa usingizi kinatufundisha zaidi kuliko hotuba kumi za kuulaani. Ila tusikichukue peke yake na kusema, huu ndio Unguja.

Aliyeshuka hadi mtaani na gatini ni Adam Shafi, katika Kuli, riwaya iliyotoka mwaka 1979. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, tulikuwa tunaweza kueleza ukungu na masizi ya London ya Charles Dickens kana kwamba tumezaliwa kule. Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kusema kuli wa Unguja alikula nini jioni. Si kwamba tulikuwa wavivu. Kitabu kilikuwa bado hakijaandikwa. Dickens aliwapa Waingereza watoto wa mitaani na wadaiwa wa magerezani, na ndiyo sababu London yake tuliijua hata sisi tusiowahi kuikanyaga. Adam Shafi alitufanyia hivyo kwa Rashidi, mtoto wa kuli ambaye naye anaishia kubeba mizigo bandarini, na kwa mgomo wa mwaka 1948, ulioanzia kwa wafanyakazi wa bandari na kuenea mjini. Nguvu ya riwaya hii imo katika kazi. Tunajua uzito wa gunia, ubabe wa msimamizi, na hofu ya mke anayemngojea mtu aliyekwenda kazini akiwa mzima. Baada ya kuisoma, huwezi tena kuitazama bandari ile ukaona meli peke yake.

Kasoro zake nazo tuziseme, maana sifa tupu si uhakiki. Wema wa Kuli ni wema mno na wabaya ni wabaya mno. Mara kwa mara mhusika husimama akatoa hotuba pale ambapo mtu wa kawaida angepiga mluzi au angetukana. Mji unageuka kuwa jukwaa la mkutano, na jukwaa halina vichochoro.

Naona mwandishi mwenyewe alijifunza, kwani miaka 20 baadaye, mwaka 1999, alitupa Vuta N'kuvute. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, Bwana Raza, anaivunja ndoa hiyo, anatengwa na jamaa zake, na anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Hapo ndipo mji unapoamka. Katika enzi ya ukoloni, kutoka mji wa mawe kwenda Ng'ambo ilikuwa safari ya dakika chache kwa miguu. Lakini ilikuwa safari ya kutoka tabaka moja hadi jingine, na mara nyingi kutoka taifa moja hadi jingine. Jina lenyewe la Ng'ambo linatukumbusha mkono wa bahari uliozitenga pande hizo mbili kabla haujafukiwa. Adam Shafi hatuhutubii habari hiyo. Anamvusha msichana mmoja mwenye woga, nasi tunavuka naye, tunaona kwa macho yake kila kilicho kigeni kwake na cha kawaida kwa Mwajuma. Kwa maoni yangu, hakuna riwaya yetu iliyouonyesha mji wa Kiswahili kwa ukamilifu zaidi.

Kwa nini nayasema haya kwa uchungu kidogo? Kwa sababu kumbukumbu ya mji haigawanywi sawa. Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na unazo sheria za kuulinda. Hata hivyo mawe nayo huanguka: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu, na dunia nzima ikapata habari. Ng'ambo haikupata bahati hiyo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za upande ule zilibomolewa kupisha magorofa ya Michenzani. Watu walipata makazi mapya, na sisemi lilikuwa jambo baya. Lakini mitaa ile ya udongo na makuti haina ukuta uliobaki wa kuonyeshwa mgeni. Imebaki katika vichwa vya wazee, na vichwa hivyo vinapungua kila mwaka. Imebaki pia katika riwaya.

Basi ushauri wangu kwa msomaji, na zaidi kwa mwalimu kijana, ni huu. Usimpe mwanafunzi kitabu kimoja cha mji. Mpe viwili vinavyotazamana: cha Salme na Kuli, kwa mfano, kimoja cha dirishani na kimoja cha gatini. Kisha umwulize maswali ambayo mtihani hauyaulizi: katika kitabu hiki nani anafagia? Nani anabeba? Nani anapita bila kutajwa jina? Akishazoea kuuliza hivyo, mtume kwa bibi yake au kwa mzee wa mtaa wake, akaulize habari za mji wao wenyewe, uwe Tanga, Tabora au Ujiji, na arudi na daftari lililoandikwa. Miji hiyo nayo inawangoja waandishi wake, na wanaoikumbuka hawatangoja sana.