Mzee wa Shaba Mlangoni pa Ofisi

Wenye haraka ya mihuri na saini humpita Mzee bila kumtazama. Hasara ni yao.

Sanamu ya Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, akiwa ameketi, katika uwanja wa KICC, jengo la mikutano na ofisi jijini Nairobi, ni kazi ya Mwingereza James Butler. Ni ya 1973, mwaka lilipofunguliwa jengo lenyewe, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Kwa sanamu ya shaba kama hii, shaba na bati huyeyushwa pamoja, kisha humiminwa kalibuni; ndiyo maana hata mkunjo wa vazi hubaki.

Noti mpya za 2019 ziliibeba sanamu hiyo, kukazuka kesi: Katiba ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye fedha. Mahakama Kuu ikaitupa.

KICC wapewe pongezi zao. Sanaa hawakuifungia ofisini kwa mkubwa, na wapiga picha wa uwanjani wanapata riziki kwayo.