Ukweli na Pambo katika Sinema ya Salyut 7

Mtu anayesimulia tendo la kweli hubeba amana mbili. Ya kwanza ni amana ya wasikilizaji, ambao wamempa masikio yao na wataka kuburudishwa. Ya pili ni amana ya watendaji, ambao jasho lao ndilo lililozaa hadithi. Msimulizi akiitunza amana ya kwanza na kuivunja ya pili, husifiwa usiku mmoja na kulaumiwa siku nyingi. Mizani hii ndiyo nitakayoitumia kupima sinema iitwayo Salyut 7, iliyotengenezwa Urusi chini ya uongozi wa Klim Shipenko, na kutolewa mwaka 2017. Sinema hiyo yahusu safari ya wanaanga wawili waliokwenda kukifufua kituo cha angani kilichokuwa kimekufa. Safari hiyo ilitendeka kweli, na kwa hiyo yatubidi kwanza tuyajue yaliyotendeka kabla ya kuyahukumu yaliyosimuliwa.

Salyut 7 kilikuwa kituo cha Umoja wa Kisovieti, kilichorushwa mwezi Aprili 1982 kuzunguka dunia. Wanaanga walikwenda na kurudi, kundi moja likiondoka na jingine likija, kama wasafiri walalao kwa zamu katika nyumba moja ya njiani. Mwezi Februari 1985, wakati ambapo nyumba ile haikuwa na mtu, sauti yake ilikatika. Waongozaji waliokuwa ardhini waliita, lakini hawakujibiwa. Tarehe 6 Juni 1985 watu wawili walirushwa katika chombo Soyuz T-13: Vladimir Dzhanibekov, rubani aliyekwisha kuruka angani mara nne, na Viktor Savinykh, mhandisi aliyesomea elimu ya upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani.

Katika safari za desturi, kituo chenyewe husaidia kumvuta mgeni kwa ishara za redio. Safari hii mwenyeji alikuwa bubu. Dzhanibekov aliendesha chombo kwa mikono yake, mwenziwe akipima umbali kwa kifaa cha miale alichokishika dirishani. Walipokaribia waliona kwamba mabawa ya kupokelea nguvu za jua hayakuelekea upande mmoja. Dalili hiyo ndogo iliwaambia habari kubwa, kwamba ndani hamkuwa na umeme hata kidogo. Tarehe 8 Juni waliungana na kituo.

Waliingia wamevaa barakoa za kujikinga na hewa ya sumu. Hewa ilikuwa salama, lakini baridi ilikuwa kali. Mate yaliyotemwa ukutani yaliganda mara moja. Kuta zilikuwa na sakitu, na maji ya akiba yalikuwa mawe matupu. Juu ya meza walikuta mikate mikavu na vidonge vya chumvi, ambavyo wenzao waliotangulia waliviacha kwa kuifuata mila ya Kirusi ya kumpokea mgeni kwa mkate na chumvi. Sisi twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni mara chache methali hiyo ilipata kutimia neno kwa neno kama ilivyotimia siku ile, maana mwenyeji alikuwa maiti, na wageni ndio waliomletea dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa nini? Ilikuwa ni subira na hesabu. Betri zilikuwa 8. Mbili zilikwisha kuharibika, sita zilifaa. Walizitafuta nyaya, wakaziunganisha kwa vidole vilivyokufa ganzi, ili betri zipate nguvu za jua moja kwa moja. Kisha walikigeuza kituo kizima kwa mitambo ya chombo chao wenyewe, mabawa yakalielekea jua. Maji ya kunywa yalikuwa ya siku chache tu. Feni zilikuwa hazifanyi kazi, na mahali pasipo uzito pumzi aitoayo mtu haiondoki, bali hutanda usoni pake kama wingu. Kwa hiyo kazi yenyewe iliweza kumlevya mfanyakazi kwa hewa aliyoitoa mwenyewe. Joto liliporejea, barafu iliyeyuka, nao wakafuta unyevu kila pembe kwa matambara ili maji yasiingie katika mitambo ya umeme. Tarehe 23 Juni chombo cha mizigo, Progress 24, kilifika na vifaa na maji. Mwenyeji alikuwa amepona.

Basi, sinema imefanya nini na mali hii?

Tuanze na sifa, kwa kuwa mhakiki asiyeona uzuri hana haki ya kuonyesha ubaya. Baridi ya sinema hii ni baridi ya kweli. Mtazamaji huiona sakitu, huziona pumzi za watu zikigeuka mvuke, na huhisi ukimya wa nyumba isiyo na uhai. Dunia inavyopita chini ya madirisha huonyeshwa kwa ustadi mkubwa, na hofu ya kukikaribia kituo kinachozunguka ovyo hukaza moyo. Waigizaji wawili wakuu, Vladimir Vdovichenkov na Pavel Derevyanko, watupa watu wa nyama na damu, wenye mzaha na uchovu na kuwakumbuka watu wa nyumbani kwao. Tena mtungaji ameyabadilisha majina ya wahusika: rubani ni Fyodorov, mhandisi ni Alyokhin. Kwa kufanya hivyo ameomba ruhusa ya kubuni, na ni insafu kumpa ruhusa hiyo kwa kiasi.

Lakini ruhusa ina mpaka. Msanii aweza kubadilisha majina, aweza kufupisha siku, aweza kuwatia wahusika maneno vinywani. Asichoweza kukifanya bila ya kulijeruhi tendo ni kubadilisha sababu yake. Kwa kuwa sababu ndiyo mzizi, na ukiung'oa mzizi, mti uliobaki si ule uliosema utauonyesha. Katika jambo hili sinema yetu ina makosa manne.

Kosa la kwanza limo mwanzoni mwake. Mwanaanga wa kike atoka nje ya kituo kuchomelea vyuma. Glavu yake yatoboka, na rubani yampasa kumwokoa. Katika ukweli, Svetlana Savitskaya alitoka nje ya Salyut 7 tarehe 25 Julai 1984 pamoja na Dzhanibekov, akawa mwanamke wa kwanza duniani kufanya hivyo. Akachomelea vyuma, akaikamilisha kazi yake, akarudi ndani salama. Sinema imemwonyesha mwanamke aliyeokolewa mahali pa mwanamke aliyefaulu. Mabadiliko hayo hayakuongeza uzuri wowote usioweza kupatikana kwa njia nyingine, na yamempunguzia mtu heshima aliyoichuma kwa kazi.

Kosa la pili ni moto. Katika sinema, moto mkubwa wawaka ndani ya kituo, hewa ya kuvuta yapungua, na amri yaletwa kwamba mmoja arudi na mwingine abaki kufa. Moto huo haukutokea. Wanaanga wa kweli waliuzuia kwa kufuta unyevu kwa matambara, saa baada ya saa. Msomaji atafakari jambo hili kwa makini. Mtungaji amechukua hatari ambayo watu wawili waliizuia kwa uangalifu, akaifanya imetokea, ili awape nafasi ya kuonyesha ushujaa. Kwa kufanya hivyo ameuondoa uangalifu katika orodha ya matendo ya kishujaa. Mtu azuiaye nyumba isiungue hupata makofi machache kuliko azimaye moto, ingawa wa kwanza ndiye mwenye akili zaidi.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Katika sinema kituo chafufuliwa kwa nyundo: wanaanga watoka nje na kukigonga kwa nguvu kifaa kilichokwama, hata kikafunguka. Katika ukweli, maradhi ya Salyut 7 yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Kulikuwa na kipimo kilichotakiwa kutoa taarifa betri zilipojaa. Kipimo hicho kiliharibika, kikawa chatoa taarifa kwamba betri zimejaa hali zimeishiwa. Mitambo ilikisadiki, ikakata njia ya umeme wa jua, na kituo kikafa kwa njaa mbele ya chakula tele. Jua liliwaka siku zote nje ya madirisha yake. Kilichokiua ni taarifa ya uongo iliyoaminiwa.

Je, kuna mtungaji aliyepata kupewa mfano bora kuliko huu? Nyumba nzima, iliyojengwa kwa elimu na mali ya taifa kubwa, iliangamia kwa sababu mjumbe mmoja mdogo alisema "tumeshiba" wakati wa njaa. Nasi twajua kwamba yaliyokipata kituo hupata shule, vijiji na serikali ambamo walio juu huletewa habari njema tu. Na dawa yake haikuwa nguvu ya mikono, bali ni watu wawili waliokataa kuamini walichoambiwa, wakazipima betri moja baada ya moja hata wakaufikia ukweli. Sinema ilipewa lulu hii ikaitupa, ikaokota nyundo. Tena, ubaya wa mambo, ilipobadilisha sababu ya kifo cha kituo ilifanya kosa lilelile la kile kipimo: ilitoa taarifa ya kupendeza mahali pa taarifa ya kweli.

Kosa la nne ni la mwisho wa hadithi. Sinema yaleta chombo cha Kimarekani, Challenger, karibu na kituo, ili wageni wawashuhudie washindi na kuwapa heshima. Hakuna chombo cha Marekani kilichokwenda pale. Kisha hadithi yakoma katika kilele cha shangwe, kana kwamba kazi ya kituo ni kushinda mara moja. Lakini kituo cha angani ni mahali pa kupokezana, na uzuri wa habari ya kweli umo katika yaliyofuata. Mwezi Septemba 1985 walikuja wageni watatu katika Soyuz T-14: Vladimir Vasyutin, Georgy Grechko na Alexander Volkov. Dzhanibekov alirudi duniani pamoja na Grechko tarehe 26 Septemba, baada ya siku 112. Savinykh alibaki na wale wengine wawili. Hivyo sehemu moja ya kundi ilibadilishwa bila ya nyumba kuachwa tupu. Baadaye Vasyutin, aliyekuwa kiongozi wao, aliugua, na ikaamuliwa kwamba wote warudi kabla ya wakati wao. Walitua tarehe 21 Novemba 1985. Savinykh alikuwa amekaa angani siku 168.

Hapo pana jambo ambalo sinema ya nyundo isingeweza kulibeba. Mtu aliyeteseka kukifufua kituo alikiacha kabla ya siku zake, kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Hakukuwa na moto wala adui. Kulikuwa na mwenzao aliyehitaji tabibu. Kurudi kwao hakukuwa kushindwa. Kulionyesha kwamba kituo kiliundwa kwa ajili ya watu, wala watu hawakuumbwa kwa ajili ya kituo. Mtungaji mwenye moyo wa kulisimulia hilo angetupa mwisho mzito kuliko saluti zote za Challenger.

Yawezekana mtu akanijibu kwamba sinema si kitabu cha historia. Kwamba watu hulipa nauli na kiingilio wapate kusisimka, wala hapana asisimkaye kwa kutazama mtu akifuta unyevu. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini naijibu kwa sinema yenyewe. Saa ambayo mtazamaji husisimka zaidi ni ile ya kuingia katika giza la kituo kilichoganda, na saa hiyo imetokana na mambo ya kweli. Pale ambapo mtungaji aliutegemea ukweli, sanaa yake ilipanda. Pale alipouacha, alilazimika kuongeza mlio juu ya mlio, kama mpishi aliyemwaga mchuzi akazidisha pilipili. Ukweli haukumpungukia sanaa. Yeye ndiye aliyeupungukia imani.

Hukumu yangu basi ni hii. Salyut 7 ni sinema nzuri kwa macho, na kijana aweza kuitazama kwa faida ikiwa atakumbuka kwamba nusu ya anachokiona ni pambo. Atakapomaliza na ajiulize maswali matatu: Kitu gani kilikiua kituo? Nani alikiponya, na kwa njia gani? Kwa nini walirudi walipokuwa bado hawajamaliza? Sinema humjibu la kwanza kwa uongo, la pili kwa nusu, na la tatu haimjibu kabisa. Kituo chenyewe kilianguka mwezi Februari 1991, vipande vyake vikashuka juu ya nchi ya Argentina, na hapana mtu atakayeingia tena kuikagua ile meza ya mikate na chumvi. Kilichobaki ni habari yake. Na habari, kama betri, huendelea kuwa na nguvu maadamu kipimo chake husema kweli.