Maoni ya Mlangoni

Nina daftari ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika ndani yake kila kitabu nilichosoma na kila filamu niliyotazama, pamoja na maneno machache ya hukumu. Ukurasa mmoja wa Machi 2022 unasema hivi: "Mchezo wa kikatili, kazi ya mtu asiyempenda mchezaji. Kijana anapoteza muda." Niliyaandika usiku uleule wa kwanza, baada ya kuketi saa mbili nyuma ya kiti cha mpwa wangu nikimtazama akifa. Sentensi ya kwanza ni ya uhakiki, ingawa ni uhakiki mbovu. Ya pili haihusu mchezo hata kidogo, na ndiyo inayonirudisha kwenye ukurasa ule mara kwa mara.

Mchezo wenyewe unaitwa Elden Ring. Ulitolewa tarehe 25 Februari 2022 na kampuni ya FromSoftware ya Japani, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki, na mwandishi wa Marekani George R. R. Martin akatunga historia ya kale ya ulimwengu wake. Msomaji ambaye hajawahi kugusa mchezo wa namna hii asitishike. Ni hadithi ya nchi ya kubuni, yenye ngome, mazimwi na wachawi, isipokuwa shujaa wake ni wewe mwenyewe: unamchagulia sura na silaha, unamwendesha kwa vidole, na kadiri anavyopigana ndivyo anavyokusanya cha kumwongezea nguvu. Juu ya nchi yote umesimama mti wa dhahabu mkubwa kuliko mlima. Unauona vizuri kwa mara ya kwanza unapotoka makaburini na kuingia katika nchi ya kijani iitwayo Limgrave, na nakiri kwamba hata mimi, niliyekuja kukagua, nilinyamaza.

Lakini kabla ya kuuona kuna kifo. Mchezaji hajatulia vizuri kitini, anashukiwa na dubwana lenye mikono mingi iliyobandikwa, nalo linammaliza. Karibu kila mtu hufa pale, na imekusudiwa hivyo. Anaamkia makaburini, na karibu naye kuna shimo. Pembeni ya shimo ameketi mzuka kitini, akimhimiza ajitose. Huko chini ndiko kuliko na mafunzo yote: namna ya kukinga, namna ya kukwepa, namna ya kupiga kwa kuvizia. Watu wengi, kwa kuwa walikuwa wametoka kuuawa dakika ile, walimdhania yule mzuka kuwa mtego, wakapita zao. Mpwa wangu alikuwa mmojawapo. Akatoka nje hajui kukinga, akakutana na mtu mwenye barakoa nyeupe anayemkebehi, na mbele yake njiani akaona askari wa dhahabu juu ya farasi wa dhahabu, akipiga doria taratibu. Akamvamia. Nilihesabu mara 11.

Sijaeleza jinsi kijana huyu alivyofika nyumbani kwangu. Alikuwa mwaka wa pili chuoni na alikuwa amedisko, kama wanavyosema wenyewe: matokeo yalitoka, jina lake halikuwamo miongoni mwa wanaoendelea. Mama yake, ambaye ni dada yangu, akamleta kwangu akae na mjomba wake, labda nitamweka sawa. Alikuja na begi moja na kompyuta ya mtumba ambayo feni yake ilisikika hadi sebuleni. Siku ya tatu dada alipiga simu kuuliza hali. Nikamwambia: huyu mtoto hana subira na hapendi kujifunza, amekaa usiku kucha anagonga kichwa kwenye jambo lilelile. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti.

Wakati huohuo duniani kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya mchezo ule. Wahakiki wa magazeti, ambao wengi wao walipewa nakala mapema, waliumwagia alama za juu kabisa. Walionunua wakagawanyika. Wenye kompyuta walilalamika, na kwa haki, kwamba picha zilikuwa zinakwamakwama katikati ya pigano. Kelele kubwa zaidi ilihusu ugumu. Kundi moja lilisema mchezo umejaa dharau, haukuelekezi, haukupi ramani mpaka uitafute, na hauna mahali pa kupunguza makali. Kundi la pili, ambalo wengi wao walikuwa wameicheza michezo ya awali ya kampuni hiyohiyo, Demon's Souls wa 2009 na Dark Souls wa 2011, liliwajibu kwa maneno ambayo kwa Kiswahili cha mtaani ni "kajifunze kwanza." Hadi katikati ya Machi kampuni ilitangaza kwamba nakala milioni 12 zilikuwa zimekwenda. Sidhani kama kazi yoyote ya sanaa niliyoishuhudia imehukumiwa na watu wengi kiasi hicho katika muda mfupi kiasi hicho.

Sasa tazama kilichokuwa kinahukumiwa. Mchezo huu unaweza kumchukua mtu saa 60, na wengine saa 100 na zaidi. Aliyeandika siku ya pili au ya tatu, kwa hasira au kwa shangwe, alikuwa bado Limgrave. Alikuwa amemwona askari wa dhahabu, na pengine amefika penye daraja la ngome ya Stormveil, anapongoja Margit, jitu lenye pembe na fimbo. Margit ametengenezwa kwa ujanja wa pekee. Anainua fimbo, halafu anasubiri. Mchezaji mzoefu, ambaye michezo ya nyuma ilimzoesha kuruka pembeni mara tu aonapo mkono ukipanda, anaruka mapema, na fimbo inamkuta anapotua. Maana yake ni kwamba jitu lile linawaadhibu kwanza wale wanaojiona wanajua. Hili sikuliona likisemwa sana na lile kundi la pili.

Na jambo kubwa ambalo pande zote mbili zilichelewa kulisema ni kwamba hakuna ulazima wa kupigana na askari yule. Barabara ni pana. Unaweza kupita vichakani, ukafika kwenye kanisa bovu ambako mfanyabiashara ameketi na moto wake, ukanunua vitu, ukaendelea. Ukipumzika kwenye vituo vichache vyenye mwanga wa dhahabu, anakujia mwanamke aitwaye Melina na kukupa farasi wako mwenyewe. Hata Margit unaweza kumwacha, ukaenda kusini kwenye rasi ya mvua ukakusanye nguvu, urudi umekomaa. Iko hata njia ya kuzunguka ngome nzima pembezoni mwa jabali na kuingia nchi ya pili bila kumgusa mtu. Mlango uliofungwa ni kitu cha kwanza unachoonyeshwa, na upenyo uko pembeni yake kila mara. Huu ndio ufundi wa mchezo, na ndicho kisichoweza kuonekana na mtu anayetoa maoni akiwa mlangoni.

Usiku wa nne nilinunua bando kubwa la intaneti, kwa shughuli zangu, na kijana akaniomba aunganishe. Hapo sakafu ya ulimwengu ule ikajaa maandishi. Sikuwa najua kwamba tangu mwanzo tulikuwa tunacheza katika nchi iliyofutwa. Wachezaji wa dunia nzima huacha ujumbe mfupi ardhini, pale waliposimama, nao hutokea katika michezo ya wengine. Hawaandiki watakavyo, wanapewa maneno machache na kuyaunganisha, kama mtoto mwenye vibao vya herufi. Mbele ya genge wengine huandika kwamba jaribu kuruka, na ukiruka unakufa. Mbele ya ukuta mtupu huandika kwamba kuna njia ya siri, na kwa kawaida hakuna, ila mara mojamoja ipo kweli. Ukiusifu ujumbe uliokufaa, aliyeuandika, popote alipo, shujaa wake hurudishiwa uhai.

Nilikaa nikiyasoma yale maandishi kuliko nilivyoutazama mchezo. Yalikuwa maoni ya kwanza ya watu, kama yale ya magazetini, lakini yalikuwa na adabu ambayo ya magazetini hayakuwa nayo: kila moja lilikuwa limefungwa mahali liliposemwa. Aliyeogopa aliandika hofu yake pale alipoogopa. Aliyeufikia ukingo na kuuona ule mti ukiwaka aliandika kwamba hapa pazuri, na wewe umesimama hapohapo, unageuka, unaona. Hata mwongo hudanganya kuhusu genge moja tu. Hakuna anayeweza kuandika sakafuni kwamba mchezo wote ni upuuzi au kwamba mchezo wote ni kilele cha sanaa, kwa sababu vibao vya maneno havina neno la kubebea hukumu kubwa hivyo. Nililirudia daftari langu nikaona nilivyoandika, nikajiuliza nilikuwa nimesimama wapi.

Miyazaki amepata kueleza kwamba wazo la wachezaji wasiojuana kusaidiana lilimjia alipokuwa barabarani wakati wa theluji. Magari yalikwama kilimani, la nyuma likawa linalisukuma la mbele mpaka yakapanda, naye alipofika juu hakuweza kusimama kuwashukuru waliomsukuma. Amesimulia pia kwamba utotoni alisoma vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyomzidi uwezo, na palipomshinda alijaza kwa kuwazia mwenyewe. Hili lilinigusa. Sisi tuliosoma shule za bweni tukiwa na Kiingereza cha kuombea maji tunaujua usomaji huo. Nilimaliza riwaya nzima nikiamini kwamba mhusika fulani ni mbwa, kumbe alikuwa mtumishi. Mchezo huu umetungwa na mtu wa usomaji wa aina ile: hadithi imevunjwavunjwa na kutawanywa katika maelezo ya pete, mikufu na panga kuukuu, na mwenye kutaka kuielewa aokote.

Nisije nikaonekana nimehamia upande wa mashabiki, kasoro zipo. Mahandaki ya chini ya ardhi yanarudiana mno. Ukishaingia matano, la sita unalijua. Visa vya watu unaokutana nao hupotea bila dalili, kiasi kwamba wiki tatu tu baada ya kutoa mchezo kampuni iliongeza alama za kuwaonyesha katika ramani. Na ule msemo wa "kajifunze kwanza" ni wa kikatili kuliko jitu lolote. Vidole vyangu vina baridi yabisi; nilijaribu kumkwepa askari wa dhahabu nikashindwa hata kuupata upande wa kulia. Mtu wa namna yangu hataliona jumba la mwisho kwa jitihada yoyote, na hakuna sababu ya kisanaa inayomzuia nisiyoweza kuijibu. Kumwambia mtu huyo kwamba hakujitahidi ni kutojua unachosema.

Upande mwingine, uovu wa mchezo huu una ucheshi ambao haukuonekana usiku wa kwanza. Katika magofu fulani ya Limgrave kuna sanduku. Ukilifungua, moshi unakumeza na kukutupa ndani ya mgodi wa nchi ya mbali yenye mbingu nyekundu, ambako kila kitu kinakuua kwa pigo moja, na huwezi kurudi kwa njia ya mkato mpaka utambae utoke nje. Mpwa wangu alipotupwa kule alicheka mpaka akaniamsha. Na langoni mwa Stormveil yuko bawabu anayekunong'oneza usipite mbele, upite kwenye upenyo wa pembeni. Ushauri wake ni wa kweli kabisa. Ila kila ukifa ndani ya ngome, yeye huchota kwa siri sehemu ya mali unayoidondosha. Nimewafahamu mabawabu wa aina hiyo.

Juni 2024 ilitoka sehemu ya nyongeza, Shadow of the Erdtree. Waliokuja sasa walikuwa walewale walioshinda ya kwanza, na katika siku mbili tatu malalamiko yakawa yaleyale, kwamba imezidi ugumu. Ilibidi wakumbushwe kwamba katika nchi ile mpya kuna vipande vya baraka vya kuokota ambavyo humwongezea mtu nguvu. Wengi walikuwa wamevipita, wakienda moja kwa moja kwenye milango mikubwa. Baada ya siku chache kampuni ikavifanya vile vipande vya mwanzo viwe na nguvu zaidi. Nadhani ilifanya vyema, ingawa nilicheka.

Kuhusu kijana, alimshinda Margit siku ya tisa. Hakuwa amegonga kichwa kwenye jambo lilelile siku zote hizo. Alikuwa ameniachia ukumbi, akaenda kusini kwenye rasi, akajifunza kukinga kwa kurudi kwenye lile shimo la mzuka alilolipuuza. Kila alipokufa alikuwa akiandika kwenye karatasi kilichomuua na sekunde ngapi fimbo inakaa juu. Zile karatasi nimezihifadhi, ziko ndani ya daftari. Sikupata kuziona wakati napiga simu, kwa sababu zilikuwa upande wa pili wa kompyuta na mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya kiti.

Nilimpigia dada tena. Alinisikiliza, akasema amefurahi, lakini yale ya kwanza alikuwa ameshawaambia shangazi zake na wazee wa upande wa baba, na mpaka leo kukiwa na kikao cha familia hutokea mtu akasema, "mjomba wake mwenyewe alikaa naye, akaona hana subira." Kijana alihamia chuo kingine, kozi nyingine. Kabla ya kuondoka tulirudi naye Limgrave, hatua chache kabla ya askari wa dhahabu, akaniuliza, "Mjomba, uandike nini?" Nikamchagulia katika vile vibao neno lenye maana ya kuzunguka. Akaliweka sakafuni. Jioni, akiwa katikati ya pigano jingine mbali sana na pale, uhai wa shujaa wake ulipanda ghafla, na kwa muda hakuna aliyeelewa kwa nini.