Panzi Mweusi wa Shamba Lililoungua

Msimu wa kuchoma nyasi, iwe kwenye miteremko ya Butembo au chini kwenye nyika za Semliki upande wa Beni, moto ukipita unaacha ardhi nyeusi na mwewe wakizunguka juu. Siku chache baadaye, kwenye nyika za Afrika zilizoungua hivyo, hutokea panzi weusi ti. Watu husema wamepakwa masizi. Mkamate mmoja, umsugue kwa kidole kilicholowa: masizi yangetoka, weusi wake hautoki.

Jambo hili lilijaribiwa Tanganyika. Mwaka 1951 E. Burtt alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya panzi aitwaye Phorenula werneriana, akaonyesha kwamba hata panzi mzima, aliyekwisha kujivua gamba la mwisho, hugeuka mweusi akikaa kwenye ardhi iliyoungua. Penye jua kali mambo huenda upesi; penye mwanga hafifu hukawia.

Kwa nini mwanga? Panzi hajitazami mwili akajilinganisha na udongo. Jicho lake hupima mwanga unaotoka juu na ule unaorudishwa na ardhi. Juu kukiwaka na chini kukiwa giza, tofauti inakuwa kubwa, na mwili unaanza kutengeneza rangi nyeusi.

Kutoka jichoni hadi kwenye ngozi kuna homoni. Mwaka 1999 watafiti wa Japani, Ubelgiji na Israeli walitumia nzige weupe wa ukoo uliotoka Okinawa, wasioweza kugeuka weusi. Walipodungwa homoni iitwayo korazonini, wakawa weusi. Nzige si panzi wa Burtt, kwa hiyo nisingeapa kwamba njia ni ileile. Lakini jaribio lile linaonyesha kwamba rangi ya mdudu inaweza kuagizwa kupitia damu.

Kijani ni habari nyingine. Panzi wengi huhama kati ya kijani na kahawia wakati wa kujivua gamba tu, na unyevu una sauti kubwa hapo. Ndoo moja ya senene huwa na rangi zote mbili, ingawa ni jamii moja.

Kinyonga hubadilika kwa dakika kwa sababu vifaa vyote tayari anavyo ngozini. Panzi huanza kwa kutengeneza rangi yenyewe, na kiwanda hicho kinataka siku. Moto umezimika leo, yeye bado ni wa rangi ya majani makavu, na mwewe wameshafika.