"Char" inatamkwa namna gani? Swali hilo halitusaidii

Bandugu, kuna kitu katika masomo yetu ya informatiki ambacho hakinipendezi hata kidogo. Mwanafunzi anatetea TFC yake, anafika kwenye neno "char", analisoma kwa Kifaransa, "shar", kama kifaru cha vita, na nusu ya ukumbi inacheka. Wakati mwingine hata juri inacheka.

Wanaocheka wanategemea nini? Neno hilo limekatwa kutoka "character", yaani herufi ama alama ya maandishi. Kwa Kiingereza "character" inaanza na sauti ya k, ndiyo maana wengine wanasema "kar". Bjarne Stroustrup, aliyetengeneza C++, ameandika kwamba kawaida watu wanasema "char", na anakubali mwenyewe kwamba haina mantiki. Sasa sisi tunachekana juu ya nini?

Asili ya neno ndiyo ingetusaidia, lakini hiyo hatufundishwi. Tazameni sheli ya Unix. Ukifungua sharti na if, unafunga na fi. Ukifungua case, unafunga na esac. Wengi banashika ile kwa kichwa tu, kama namba ya simu. Hakuna aliyewaambia waisome kinyume! Stephen Bourne, aliyeandika sheli iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, alikuwa amezoea lugha ya ALGOL 68, na desturi hiyo aliitoa huko. Katika ALGOL 68, do inafungwa na od. Mbona basi sheli inafunga na done? Kwa sababu Unix ilikuwa tayari na amri inayoitwa od, ya kuonyesha faili kwa namba za msingi wa nane. Jina lilikuwa limeshakamatwa, ni hiyo tu. Ukielezwa mara moja, husahau tena. Na utamke "esak" ama "esaki", mashini haina masikio.

Na wale wanaoona Kifaransa ni aibu kwenye programu: miaka ya 1970, shule za sekondari za Ufaransa zilifundisha LSE, lugha ambayo maneno yake ni si, alors, sinon. Zilifanya kazi vizuri.

Kwa hiyo ninyi maasistanti, siku mtafundisha case, andikeni esac kwenye ubao, mnyamaze dakika moja, muachie promosheni iisome kutoka kuume.