'Pole' haiombi msamaha

Mkenya akimwona mgeni amejikwaa ngazini, humwambia haraka kwa Kiingereza, "Sorry!" Mgeni huyo, ikiwa ametoka Uingereza, aghalabu hushangaa. Kwani huyu ndiye aliyeniangusha? Mkenya naye hushangaa kuulizwa swali hilo, maana hakuwa anakiri kosa lolote. Alikuwa anasema "pole", ila kwa neno la Kiingereza.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Kinachonishughulisha mimi ni kinyume chake. Abiria akikukanyaga mguu kwenye matatu, naye hukuambia "pole". Huyu ana kosa. Je, amekuomba msamaha?

Jibu langu ni la. Tuanze na asili ya neno lenyewe. Kamusi zetu hulieleza "pole" kuwa neno la kumliwaza mtu aliyefikwa na jambo zito. Neno hili lina udugu na kitenzi "poa". Chai hupoa, hasira hupoa, maumivu nayo hupoa. Katika Kizulu, lugha ya Kibantu kama Kiswahili, kitenzi "phola" hubeba maana ya kupoa na ya kupona pia. Waganda nao husema "mpola mpola" pale tunaposema "polepole". Ndiyo maana mtu asiye na hamaki tunamwita mpole, na mgonjwa tunamwambia "ugua pole". Kwa hivyo, anayekupa pole anakutakia upoe. Uchungu au uchovu wako ushuke. Hasemi lolote kuhusu aliyekuletea uchungu huo.

Ukivuka mpaka pale Namanga ukaingia Tanzania, utapewa pole hata bila kufikwa na msiba. "Pole na safari." "Pole na kazi." Mkenya anayeyasikia haya kwa mara ya kwanza huenda akajiuliza, "Kwani kazi imekuwa mkosi, na watu wanaitafuta kutwa kucha?" La hasha. Mwenzake ametambua kwamba amechoka, basi. Na jibu? Wapo wanaosema "asante", na wapo wanaosema "nimeshapoa". Jibu hili la pili linaonyesha kuwa udugu wa "pole" na "poa" ungali hai vinywani mwa watu.

Mambo haya hayako katika lugha za Kibantu peke yake. Mjaluo humfariji mwenzake kwa neno "mos", na akitaka aende taratibu humwambia "mos mos", maneno ambayo siku hizi hata vijana wa Nairobi wasiojua Dholuo huyatumia. Lakini Mjaluo aliyekosea huomba "ng'wono", yaani msamaha. Wayoruba wa Nigeria humwambia aliyeumia "pẹ̀lẹ́", na "pẹ̀lẹ́pẹ̀lẹ́" kwao ni taratibu, kwa uangalifu. Kufanana kwa sauti za neno hilo na letu kusitudanganye kwamba ni neno moja. Kiyoruba na Kiswahili ni lugha zilizo mbalimbali mno. Kinachofanana ni fikra. Tena, Myoruba aliyekosea ana usemi mwingine kabisa, "má bínú", yaani usikasirike. Faraja ina neno lake na toba ina lake.

Kiingereza nacho kilianzia palepale. Neno "sorry" lilitokana na neno la kale lenye maana ya maumivu. Baadaye likabebeshwa mzigo wa pili, wa kukiri kosa, na leo Mwingereza hulitumia kwa yote mawili. Sisi tulipofunzwa Kiingereza shuleni tuliambiwa kwamba "sorry" ni "pole", tukaishika hivyo. Kiingereza chetu kikapata faida, kwa kuwa tunaweza kumfariji aliyejikwaa. Kiswahili chetu ndicho kilichopata hasara. Tumeanza kuomba msamaha kwa neno lisilojua kuomba.

Asiyesadiki na apime kwa jibu. Mtu akikupa pole, unajibu "asante". Akisema "samahani" au "niwie radhi", unajibu "usijali", au "nimekusamehe", au "bila samahani" kama wasemavyo Watanzania. Sasa rudi kwa yule abiria aliyekukanyaga. Amekuambia "pole". Ukimjibu "asante", unamshukuru kwa lipi? Ukimjibu "nimekusamehe", umempa kitu ambacho hakukiomba.

Najua wapo watakaonikosoa. Watasema kwamba lugha ni mali ya wasemaji, kwamba maneno hupanuka maana, na kwamba "Aki pole, nilikuwa nimekwama kwa jam" hueleweka na kila mtu. Naam, hueleweka. Marafiki wawili wakiambiana hivyo sioni haja ya kuwasumbua. Sauti na uso wa msemaji humalizia yale ambayo neno limeyapunguza. Ila karatasi haina uso. Neno likiandikwa kwenye tangazo, barua au hotuba, hubaki na maana yake tupu.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Zingatia matangazo tunayosoma kila mara maji yakikatika au foleni ikikwama: "Poleni kwa usumbufu." Aliyesababisha usumbufu anamliwaza aliyesumbuliwa, kana kwamba wote wawili wamenyeshewa na mvua ile ile! Tangazo halisemi nani amekosa wala kosa ni lipi. Lingeandikwa "Tunaomba radhi kwa kuwakatia maji bila taarifa", mwandishi angelazimika kujitaja na kulitaja kosa. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. "Poleni" humwezesha mtu asimame wima na kuwahurumia wanaomtazama.

Upo pia mfano mzito zaidi, unaotuhusu kama taifa. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau. Alisema serikali yake inasikitishwa na mateso hayo. Akatangaza malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, zikiwemo gharama za kesi, kwa ajili ya walalamishi 5,228. Katika hotuba iyo hiyo alieleza kuwa serikali bado inakana dhima kwa matendo ya utawala huo. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles alizungumza katika dhifa jijini Nairobi. Alieleza huzuni na masikitiko kuhusu ukatili uliotendwa, akasema hauna kisingizio. Msamaha hakuomba.

Maneno hayo yalipimwa kwa mizani kabla ya kutamkwa, kwani ombi la msamaha laweza kufungua mlango wa madai. Sasa mfikirie mtafsiri wa Kiswahili anayeamini kuwa "pole" na "msamaha" ni kitu kimoja. Akiandika kwamba Mfalme aliomba radhi, amewapa wazee wa Mau Mau na watoto wao kitu ambacho hawajakipata hadi leo. Akiandika kwamba alitoa pole, amesema kweli, mradi msomaji bado anajua kuwa pole si toba. Msomaji akishapoteza ujuzi huo, hata tafsiri sahihi itampotosha.

Kiswahili kimetupa "samahani", "kunradhi", "niwie radhi", "nisamehe" na "nimekosa". Maneno haya hayapendwi sana kwa sababu yanamweka msemaji mikononi mwa aliyekosewa, anayeweza kusamehe au kukataa. "Pole" haikatazwi na mtu. Basi tuendelee kupeana pole misibani, hospitalini na hata kazini kama wafanyavyo majirani zetu. Lakini aliyekanyaga mguu wa mwenzake na aseme "nisamehe" kwanza, kisha ampe pole kwa maumivu. Anayo haki ya kupewa yote mawili.