Kwenda Peke Yako, na Kurudi

Alfajiri moja, kwenye vilima vilivyo juu ya Mang'ola, nilimtazama kijana wa Kihadzabe akijiandaa kuondoka. Maandalizi yenyewe hayakuzidi muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mshale mmoja ulikuwa umepinda. Akaupitisha uti wake juu ya makaa, akaubana kwa meno, akaupinda taratibu huku amefumba jicho moja, mpaka ukanyooka. Akakusanya mishale na upinde katika mkono mmoja, kisu kiunoni, akaenda. Hakubeba maji wala chakula. Hakuna aliyemuuliza anaelekea wapi wala atarudi lini, na mzee aliyekuwa anaota moto hakuinua hata kichwa. Umri wa kijana yule ulikuwa ule ambao kwetu Karatu mtoto bado anakumbushwa kuvaa sweta.

Bondeni kule chini wako wahunzi wa Kidatoga wanaoyeyusha makufuli mabovu na kuyageuza bangili, na kila mgeni anayefika Ziwa Eyasi huwapiga picha na kuwasifia. Wanastahili. Lakini ufundi wa kijana yule sijasikia ukisifiwa, pengine kwa sababu hauachi kitu cha kununua. Ni ufundi wa kuondoka peke yako, kuingia mahali pakubwa kuliko wewe, kusoma njia kwa macho na masikio yako mwenyewe, na kurudi. Una wazee wake na wanafunzi wake, na makosa yake huua. Wako vijana wachache wa mataifa mengine waliowahi kuujua, ila wao walikwenda nao baharini.

Robin Lee Graham wa Marekani alikuwa na miaka 16 alipotweka tanga mwaka 1965, peke yake, katika mashua iitwayo Dove yenye urefu wa futi 24. Alirudi California mwaka 1970, mtu mzima mwenye mke, akiwa ameizunguka dunia. Sehemu ya safari yake ninayoirudia kichwani ni ile ya Bahari ya Hindi, hii yetu. Baada ya kupita visiwa vya Cocos mlingoti wake ulivunjika. Hakuwa na wa kumwita. Akaunga tanga la dharura kwa vilivyobaki, akasafiri namna hiyo zaidi ya maili elfu mbili mpaka Mauritius. Laura Dekker wa Uholanzi alipotangaza kwamba atazunguka dunia alikuwa na miaka 13, na mahakama ya nchi yake ikaingilia kati, ikamweka chini ya uangalizi wa serikali mpaka mwaka 2010 ilipomwachia. Alimaliza Januari 2012 akiwa na miaka 16, na kipande kirefu cha safari yake kilikuwa hichohicho cha Bahari ya Hindi, kutoka Darwin hadi Durban, siku 47 bila kugusa nchi kavu. Jessica Watson wa Australia alikaa baharini siku 210, akafika Sydney tarehe 15 Mei 2010, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 17.

Mtu wa pwani atasema ubaharia ni wake, si wa Mang'ola. Kweli ni wake. Majahazi yalishuka na kaskazi na kupanda na kusi karne nyingi kabla ya watoto hawa kuzaliwa, na manahodha walizijua nyota kama walivyojua milango ya nyumba zao. Lakini bahari ya Waswahili ilikuwa ya watu wengi pamoja: nahodha na mabaharia wake, wimbo wa kuvuta kamba, abiria na mbuzi wao. Haikumtuma mtu peke yake, tena kijana. Ndiyo maana naona ndugu wa karibu wa Graham na Dekker katika Afrika Mashariki hayuko Lamu wala Unguja. Yuko huku bara, kwenye miiba na mibuyu, mbele ya ziwa la magadi lisilopitisha hata jahazi moja.

Mhadzabe mwanamume kwa kawaida huwinda peke yake mchana. Wanapokwenda wawili au zaidi, aghalabu ni kufuatilia mnyama aliyekwisha kuchomwa mshale wa sumu, au kuvizia usiku penye maji. Mtoto wa kiume hupewa upinde angali mdogo kabisa, akalenga vibuyu, akalenga mijusi, akaenda mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Hakuna siku anapoambiwa sasa nenda. Siku hiyo inamkuta yuko njiani.

Hebu tusimame kidogo chini ya mbuyu mmoja, kwani hapo ndipo nilipouelewa ufundi huu. Shina lake lilikuwa limejaa vigingi kuanzia usawa wa kiuno mpaka kwenye matawi. Vya chini vilikuwa vya zamani sana, gome limevimba na kuvimeza nusu. Vya juu vilikuwa vipya, mti wake bado mweupe. Mtu anayefuata asali hukata kigingi, hukipigilia kwa shoka kwenye gome laini, hukanyaga juu yake, halafu akiwa amesimama hapo hupigilia cha pili juu ya kichwa chake. Hakuna kamba, na mara nyingi hakuna mtu chini. Wapo waliofia hivyo, na Wahadzabe wenyewe hawalifichi jambo hilo. Nilivitazama vigingi vile vya zamani, nikajua kwamba kila kimoja kilipigiliwa na mtu aliyekuwa peke yake siku hiyo, na kwamba aliyekuja baadaye, pengine baada ya miaka mingi, alianza kupanda pale alipoishia mwenzake. Katika upweke wote ule hakuwa ameachwa.

Na mara nyingi mwenza mwingine asiyeonekana yupo juu ya tawi. Ni yule ndege mdogo anayeongoza watu kwenye asali. Kijana hupiga mluzi, ndege hujibu, huruka mti hadi mti, naye kijana hufuata mpaka kwenye nyuki. Mtu huchukua asali, ndege hula nta. Watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha mwaka 2023 utafiti unaoonyesha kwamba ndege wa huku kwa Wahadzabe huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti wanayotumia Wayao wa Msumbiji kwa kazi hiyohiyo. Maana yake ni kwamba mluzi ule una kwao. Siku vijana wa huku watakapoacha kuupiga, sioni ndege atamwongoza nani.

Baharia mpweke naye hana siri nyingine zaidi ya uangalifu huohuo. Joshua Slocum, mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kati ya 1895 na 1898, alisafiri na saa ya bati ya bei rahisi. Aliisawazisha mashua yake Spray hata ikajishika yenyewe njia, na kutoka Thursday Island hadi visiwa vya Cocos, mwendo wa siku 23, hakushika usukani zaidi ya saa tatu kwa jumla. Hilo halinunuliwi dukani. Linatokana na kukaa na kitu muda mrefu, bila kelele, mpaka kikuambie kinavyotaka kwenda.

Kuondoka, basi, pande zote mbili kunafanana. Zinapoachana ni kwenye kurudi.

Mwanaanthropolojia James Woodburn, Mwingereza aliyeanza kuishi na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko habari zote za sumu na pinde. Mwindaji aliyempiga mnyama mkubwa akirudi kambini hatangazi. Anakuja, anakaa kimya na wanaume wenzake, na damu iliyo kwenye uti wa mshale wake ndiyo inayosema. Wenzake wanaiona. Mazungumzo yanaendelea. Baadaye watafuata nyayo pamoja, nyama itagawanywa kambi nzima. Kama ni kijana na hii ndiyo nyama yake kubwa ya kwanza, ataingia katika wanaume wanaokula epeme, zile sehemu za mnyama ambazo wao tu ndio huzila, mbali na macho ya wengine. Hadhi imebadilika, lakini hakuna aliyepiga makofi.

Nimelifikiria hili mara nyingi, na kila mara naona hekima kubwa ndani yake. Kijana ametoka, amekutana na hofu ambayo hawezi kuieleza, amerudi mzima. Kuna mambo mawili yanayoweza kumharibu wakati huo. Moja ni kupuuzwa kabisa. La pili ni kuinuliwa juu ya watu mpaka asijue njia ya kushuka. Kambi ya Wahadzabe iliyakwepa yote mawili bila kitabu wala semina: walimwona, na wakamsogezea nafasi karibu na moto.

Watson alifika Sydney akakuta umati bandarini na Waziri Mkuu Kevin Rudd akimwita shujaa. Msichana yule alikataa hapo hapo, mbele ya watu wote, akasema yeye ni mtu wa kawaida aliyekuwa na ndoto. Namheshimu kwa jibu hilo kuliko kwa bahari zote alizovuka. Akaandika kitabu, akarudi shule, na mwaka 2023 filamu kuhusu safari yake ikatoka, miaka 13 baadaye, kana kwamba dunia haikutaka awe mtu mwingine yeyote. Graham mambo yalimwia magumu zaidi. Aliingia Chuo Kikuu cha Stanford, hakudumu. Kelele za mjini zilimshinda. Yeye na mke wake wakahamia Montana, milimani, mbali na bahari, akajenga nyumba ya magogo kwa mikono yake na kuishi kwa useremala. Slocum alijaribu shamba, shamba likamshinda, akarudi majini, na mwaka 1909 alitoweka na Spray yake. Aliyerudi vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Dekker. Mashua yake Guppy aliikabidhi kwa watu waliotaka kufundishia vijana, nayo ikapanda mwamba na kuvunjika huko Pasifiki mwaka 2018. Hata hivyo hakuacha. Siku hizi yeye mwenyewe huwachukua vijana baharini, wakajifunze.

Huku kwetu tumefanya nini na ufundi huu? Magari hushuka kutoka Karatu kungali giza ili wageni waikute kambi kabla jua halijapanda. Kijana anachukua upinde, wageni wanajipanga nyuma yake na simu zao, na mstari mrefu unaingia porini. Kila baada ya hatua kadhaa anasimama kuwasubiri. Fedha inayopatikana inahitajika, na simlaumu anayeipokea. Lakini kazi hii inamtaka asipotee machoni pa mgeni, wakati ufundi wake wote ulikuwa wa kupotea machoni pa watu. Kwa miaka kumi ya kuwinda hivyo, mtu atajua kusimama vizuri kwenye picha. Mwanafunzi wa sekondari wa Karatu hayuko mbali naye. Muulize jua huchomoza upande gani wa shule yake, naye atatoa simu mfukoni.

Si kwamba dunia yote imesahau. Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, aliyewahi kuendesha baiskeli peke yake kutoka Ulaya hadi kwao akiwa na miaka 22, alishinda mwaka 2023 mashindano ya kuizunguka dunia peke yake bila kuongozwa njia na setilaiti, siku 235, akitafuta njia kwa jua na nyota. Kuna watu wanaolipa gharama kubwa ili warudishiwe kile ambacho sisi tunakiondoa kwa watoto waliozaliwa nacho.

Ufundi wa namna hii hauhifadhiwi kwenye makumbusho. Unataka nafasi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipewa hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011, zaidi ya hekta 20,000, na huko kijana bado anaweza kuondoka asubuhi na kukutana na mibuyu tu. Upande wetu wa Mang'ola maji ya chemchemi za Qangdend yamevuta mashamba, vitunguu vyetu vinasifiwa mpaka nje ya nchi, ng'ombe wameongezeka na wanyama wamepungua. Namfahamu mwanamume mmoja wa Kihadzabe, wa makamo, anayepalilia vitunguu vya watu kwa kibarua karibu na Barazani. Wenzake husema ujanani alikuwa hodari wa njia. Nilimuuliza kama bado anakwenda porini.

"Nakwenda, mwalimu," akasema. "Ila siku hizi natembea mpaka jua liwe juu ndipo niwe peke yangu. Na kurudi ni mbali vilevile."